Katoni ya Sabuni

Mama alikuwa mwanachama wa duka la jumla la ushirika wetu wa kahawa, na pale huuzwa katoni nzima tu. Siku moja bodaboda ikamshusha nyumbani, Ihanda, akiwa amepakata katoni ya sabuni za mche. Nilikasirika. Mtu anayeishi peke yake anafua nini kiasi hicho?

“Siku mkinizika, mwanangu, watu watanawa kwa sabuni gani?”

Nikamwambia aache maneno hayo, nikaisukuma katoni chini ya kitanda chake.

Tulipomzika kwenye kibanja, kati ya migomba yake, niliivuta mwenyewe ili watu wanawe. Ilikuwa bado imefungwa. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akifulia vipande vya kununua kwa jirani.