Koki Tisa na Ndoo ya Chokaa

Chekeni tu jamani, mimi mwenyewe nimeshacheka nikachoka, maana aibu hii niliipika kwa mikono yangu nikaipakua mbele ya wakwe.

Miaka ile huduma zilipoanza kupewa kampuni binafsi nilikuwa karani wa jumuiya ya maji hapa Kitangari, tukaletewa kompyuta. Ramani ya koki zetu tisa (zimefukiwa njia nzima, usipojua ipi ya kufunga na ipi ya kufungua, maji yanakwenda kwingine) ikawekwa kwenye mashine ya kampuni huko Dar, sisi tunaivuta kwa mtandao. Nilivimba kichwa, acheni! Kuichapa kwenye karatasi nikaona ni kupoteza wino.

Ramani ya zamani ilikuwa kwenye ukuta wa kioski cha maji, imechorwa kwa msumari na marehemu fundi wa bomba. Mjane wake, Mama Zuhura, ndiye aliyekuwa akiuza maji pale. Wiki ya arusi ya mpwa wangu Asha nikaamua kioski kipakwe chokaa, wageni wasione mikwaruzo.

"Baba Rehema, hapo pana kazi ya marehemu," akaniambia.

"Mama Zuhura, kila kitu kipo kwenye kompyuta," nikamjibu, brashi mkononi.

Sasa kwetu mjomba ndiye mwenye shughuli, na maji ya arusi nilikuwa nimeyaahidi kwa majigambo. Asubuhi ya siku yenyewe mapipa makavu, mchele haujaoshwa, wakwe wameshafika kutoka Masasi, nawasha kompyuta nivute ramani, hakuna kitu. Nikapiga simu Dar, wakasema mashine yao imezimika, nivute subira. Badala ya kukiri, nikavaa koti langu la arusi, nikachukua spana, nikaenda kufungua koki niliyodhani ndiyo.

Baada ya saa moja ikaja simu kutoka Chilangala, kijiji cha jirani: wanatushukuru sana, maji yanamwagika hadi barabarani!

"Kumbe pilau la huku linapikwa kwa kompyuta," akasema shangazi wa bwana arusi, na jiko zima likaangua kicheko. Nikaenda kwa Mama Zuhura, nikaanza na shikamoo (umri wetu mmoja, lakini siku ile ningemwamkia hata mbuzi wake).

"Marahaba," akaitikia, wala hana haraka.

"Ile ramani huikumbuki?"

"Niikumbuke ya nini, na ukuta ulikuwepo?" Akanipa upawa. "Kwangua."

Nikakwangua nikiwa na koti langu la arusi, arusi nzima imekuja kutazama, chokaa inaniingia puani, nywele zimekuwa nyeupe kama za babu. Mikwaruzo ikaanza kutokea. Mama Zuhura akaipitishia vidole taratibu. "Funga ya msikitini, fungua ya shuleni. Ya mnadani usiiguse."

Saa saba bomba likakohoa, maji yakatoka. Vigelegele vikapigwa, sijui vilikuwa vya maji au vya sura yangu. Nikataka kukimbilia kuoga, Asha akanishika mkono: "Mjomba, picha utapiga hivyo hivyo." Picha hiyo ipo sebuleni kwake mpaka leo.

Mwaka uliofuata ikaongezwa koki ya kumi. Nikaiingiza kwenye kompyuta, nikachapa ramani nakala mbili, moja ya kutumia, moja nikaifungia kwenye kopo ofisini. Halafu nikaenda kioskini kwa miguu yangu, nikamwomba Mama Zuhura msumari, niichore ya kumi ukutani.