Baiskeli Niliyoombwa kwa Maji

Shule niliiacha kabla haijanizoea. Kusoma na kuandika Kiswahili nilifundishwa na babu yangu, Mngazija aliyekuwa na chuo cha Kurani mjini Majunga. Wajukuu wangu leo wanakijua kwa salamu na dua tu. Mambo mengine yote nilijifundisha mwenyewe, na mengi yake nikiwa juu ya baiskeli.

Miaka ya sabini ikielekea mwisho, sisi watu wa asili ya Ngazija tuliwindwa Majunga. Aliyenitoa mjini alikuwa kijana wa Kisakalava, mvuta pusipusi, kile kigari cha magurudumu mawili cha kubebea abiria. Alinikunja ndani, akanifunika magunia, akanivuta mpaka gatini mchana kweupe huku akiwatukana watu wampishe njia. Nilifika kisiwani Nosy Be na shati moja.

Alipokuja kunitazama huko, tulichanjiana. Wasakalava, wenyeji wa pwani ile, wanauita udugu huo fatidra. Mzee mmoja alitia pete ya dhahabu kwenye bakuli la maji, akakamulia tangawizi, kila mmoja wetu akadondosha damu ya kifuani, tukanywa. Masharti hayakuwa mengi. Siri ya mwenzio huitoi. Na mwenzio akikuomba kitu kwa maji yale, humnyimi, hata akiomba nini. Ukimnyima, maji yanakugeukia tumboni. Imamu aliposikia alininunia Ramadhani nzima. Nilimwambia wazi: si wewe uliyenifunika magunia.

Nosy Be nilipeleka mikate kwa baiskeli, kutoka mjini mpaka Andilana, milima yote ile, mvua ikinyesha na harufu ya mlangilangi ikinipanda kichwani. Miguu ikawa chuma. Nikafungua duka la vipuri vya baiskeli, kisha jingine. Sikurithi hata spoku. Nywele zilipoanza kuwa nyeupe nilirudi Majunga, nikafungua duka huku pia, nikajenga nyumba mtaa uleule tuliofukuzwa.

Halafu mwili ukaanza ukorofi. Kwanza sukari, ikafuata presha, kisha goti la kushoto, kisha tezi ile ya wazee inayokuamsha kwenda chooni kila ukijaribu kulala. Daktari alinipa vidonge, akaniambia nitembee kidogo jioni. Kutembea! Mimi niliyelisha Andilana nzima!

Kulikuwa na msafara wa baiskeli wa wazee, kutoka Marovoay mpaka Majunga, unaoishia barabara ya ufukweni ambako mji mzima hujipanga kutazama. Nilijiandikisha. Sikutafuta kikombe. Niliutoka mji huu nimekunjwa chini ya magunia, na nilitaka niuingie kwa barabara kuu, mgongo wima, watu wananiona.

Nikajifunza upya. Kila asubuhi baada ya sala natoboa kidole, napima sukari, nakunywa uji, natia tende mfukoni, nasugua goti kwa mafuta ya nazi na karafuu, kisha naishika njia ya Antsanitia. Ndugu yangu wa kuchanjiana alinifuata nyuma kwa baiskeli yake kuukuu. Yeye hana ugonjwa hata mmoja. Anakula chumvi kama ng'ombe.

"We babu, mbona unasimama tena?" alinipigia kelele.

"Nakojoa."

"Kila mti? Mwakani njia hii itaota mikoko!"

"Na wewe ukinicheka, utaota mkia."

Tulikuwa hivyo. Nilijua kilima kipi nikipande taratibu, wapi nile tende kabla mikono haijaanza kutetemeka, vidonge vipi visinywewe asubuhi ya safari ndefu. Goti lilikuwa linakubali.

Asubuhi moja nilichelewa kula. Kiburi tu, nilitaka nimalize kilima kwanza. Nikaona mchanga unanijia usoni. Nilipofumbua macho, yeye ndiye aliyekuwa ananisokomezea tende mdomoni kwa kidole, analia na kunitukana kwa pamoja.

"Nyumbani hawajui," nikamwambia. "Na hawatajua. Siri ya mwenzio huitoi."

Alipangusa mchanga kwenye usukani wangu. Kisha akasema, "Haya."

Siku yenyewe tulifika Marovoay alfajiri na lori la mizigo, yeye akiwa msaidizi wangu wa kunishikia maji. Nilikuwa nimeshafunga namba kifuani. Msimamizi wa msafara akanijia, mikono nyuma.

"Mzee wangu, shikamoo. Tumeambiwa ulianguka njia ya Antsanitia. Hatuwezi kukuruhusu."

Aliyeniona nikianguka ni mtu mmoja tu duniani. Nikamtazama ndugu yangu. Alikuwa ameinama anabonyeza tairi langu kwa kidole gumba, tairi ambalo nilikuwa nimelijaza upepo mwenyewe.

"Barabara si ya babako," nikamwambia msimamizi. "Sitaki namba yenu. Nitaendesha nyuma ya msafara kama mtu anayekwenda sokoni. Nani atanizuia?"

Wazee wenzangu wakacheka, wengine wakapiga kengele za baiskeli zao kuniunga mkono.

Hapo ndipo ndugu yangu aliponyanyuka. Akaja mbele yangu, mbele ya watu wote, akavua kofia.

"Ndugu, naomba baiskeli yako. Naiomba kwa maji."

Kengele zikanyamaza. Wasakalava pale walielewa kabla yangu. Kwa miaka yote ile hakuwahi kuomba kitu kwa maji, hata nyumba yake ilipobebwa na kimbunga. Aliiweka haki hiyo, akaja kuitumia pale.

"Ulishayamwaga maji yale uliposema siri yangu," nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Tumbo litaniuma mimi. Nipe baiskeli."

Nilimpa. Ningefanya nini?

Watu husema alifanya kwa mapenzi. Mke wangu husema hivyo mpaka leo. Sawa. Mtu anayetaka kukuokoa anaichukua baiskeli, anaitupia kwenye lori, anakaa na wewe. Yeye aliomba spana, akapandisha siti kwa sababu ana miguu mirefu, akaniuliza kama ile namba bado naihitaji, akaifunga kifuani pake, kisha akapanda. Aliondoka na msafara bila kugeuka.

Mimi niliingia Majunga kwenye lori la mizigo, nimekaa juu ya magunia ya wapanda baiskeli. Turubai lilikuwa limeshushwa kwa ajili ya vumbi. Nilisikia makofi ya ufukweni, sikuona kitu. Wajukuu wangu walikuwa huko wamenisubiri. Walimwona yeye, namba yangu kifuani, wakampigia kelele za furaha, kwani wao humwita babu pia.

Jioni aliirudisha baiskeli, ameisafisha mpaka spoku. Akasimama mlangoni.

"Imefika," akasema. "Damu ni moja. Nimefika mimi, umefika wewe."

"Makofi uliyasikia vizuri?"

Akaiegemeza baiskeli ukutani.

"Siti hukuishusha," nikamwambia, nikafunga mlango.

Niliishusha mwenyewe. Bado natoboa kidole, bado nakunywa uji, bado naenda njia ya Antsanitia, peke yangu sasa, nasimama kwenye miti yangu bila mtu wa kunicheka. Msafara wa wazee siuulizii tena. Yeye hupita dukani kila Ijumaa baada ya sala yetu, ingawa si Mwislamu, husimama kando ya matairi na kuniuliza kama nahitaji chochote.

Anajua kwamba mimi bado sijaomba kitu kwa maji. Tumbo halijamuuma, nami halijaniuma, kwa hiyo maji bado yapo. Namtazama, nampa kiti, natengeneza cheni ya mteja.

"Bado," namwambia. "Nikihitaji nitakwambia."