Mgeni Rasmi wa Landover

Mzee niliyekuwa nikimtunza Upper Marlboro, huku Marekani, alikufa mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na karibu kila kifo alikuwa na kanda yake ya video. Alikuwa mwigizaji enzi za sinema nyeusi na nyeupe, na sinema zilipoingia rangi akaendelea kufa kwa rangi. Alipigwa risasi akiwa mhudumu wa baa, akaangushwa na farasi akiwa askari msaidizi, akazidiwa na homa akiwa kasisi. Hakufika mwisho wa sinema hata moja. Ukitaka kumjua nyota wa sinema ile, mtafute yule anayefunguliwa mlango na mzee wangu.

Mimi ni mtu wa Tanga, sikulelewa kusifia upuuzi. Binti yake, aliyefanya kazi mahakamani pale pale mjini, aliniajiri nimuogeshe, nimpikie na nimpe dawa, si kumshangilia. Lakini kila siku baada ya chakula cha mchana ilikuwa lazima tukae sebuleni tutazame. "Hapo, hapo," atasema, "lile bega." Na kweli lilikuwa bega. Bega la koti, upande wa kushoto, nyuma ya mwanamume mzuri anayembusu mwanamke. Mtu kafanya kazi ujana wake wote na utu uzima wake wote, na cha kuonyesha ni bega. Debe tupu haliachi kuvuma.

Siku moja aliniambia kwamba kwetu ameshafika. Nikamuuliza wapi, Dar au Tanga. Akaweka kanda. Kumbe kwetu ni chumba kikubwa cha kupigia sinema huko California, mitende imepandwa kwenye makopo, na mamba wa mpira anamla kabla hajamaliza kuwaonya wenzake kuhusu mto. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka. Aliniuliza kama nimeona jinsi alivyojigeuza wakati wa kuliwa, ili sura ya mamba ionekane vizuri.

Kilichomuuma kilikuwa kimoja. Maisha yake yote hakuwahi kumaliza hotuba. Aliandikiwa nyingi, akazikariri zote, na kila alipofika katikati mlango ulifunguka, nyota akaingia, au bunduki ikalia. "Kabla sijafa kweli," aliniambia nikimkata kucha, "nataka nisimame mbele za watu niseme mpaka nukta." Nikamwambia aseme basi, mimi nasikia. Akanijibu kwamba mtu mmoja mwenye mkasi wa kucha si watu.

Jumamosi moja binti yake alikuwa amesafiri, na mchana huo huo shoga yangu wa Langley Park alikuwa na sendofu ya bintiye, sherehe ya kumuaga kabla hajaolewa na Mkenya. Ukumbi ulikuwa Landover, nyuma ya maghala. Kumwacha mzee peke yake sikuweza, na kukosa sendofu sikuweza vilevile, maana wanawake wa Langley Park wangenisema mpaka kiama. Nikamvalisha suti yake ya kijivu na tai, nikampakia garini.

Asiyezijua shughuli zetu Watanzania aelezwe: shughuli bila mgeni rasmi si shughuli. Kamati inaweza kusahau chumvi kwenye pilau, lakini mgeni rasmi haimsahau. Siku ile aliyealikwa ni ofisa mmoja wa ubalozi, ambaye wengi wetu hatukuwahi kumwona, na kama ilivyo desturi ya wakubwa, alichelewa. Watoto wakalia, kuku wakapoa, na MC, kijana mwenye koti linalong'aa kama karatasi ya peremende, akachoka kutangaza kwamba mheshimiwa anakaribia. Hapo ndipo tulipoingia. MC akaona mzungu mwenye mvi, suti na fimbo, na mwanamke nyuma yake kabeba mkoba. Ndani ya mkoba mlikuwa na dawa na nguo za akiba. Yeye alidhani mimi ni katibu muhtasi.

"Mabibi na mabwana," akasema, "naomba tusimame wote. Mgeni rasmi ameingia."

Ukumbi mzima ukasimama. Watu wenye digrii zao, manesi wanaobishana na madaktari kila siku, wote wakasimama kwa ajili ya nywele nyeupe. Vigelegele vikapigwa. Nikamfuata MC, nikamwambia huyu ni mzee wangu wa kazini. "Tunashukuru sana dada kwa kumleta," akanijibu, na tayari alikuwa amemshika mkono kumpeleka meza kuu. Ubalozi wetu ulianza lini kutuma wazungu? Hakuna aliyejiuliza.

Shoga yangu akaninong'oneza, "Kwani ndo huyo? Mbona hawakutuambia ni mzungu?"

"Siyo huyo."

"Basi nyamaza, shoga. Watu washasimama."

Akapewa kipaza sauti. Mtu niliyemwinua chooni asubuhi ile kwa mikono yangu miwili, mgongo wake ukanyooka mbele ya macho yangu. Akaanza na hotuba ya hakimu, akaiunga na ya kasisi, kisha akachomeka ile ya nahodha ambaye meli yake inazama. Hakuna aliyeelewa meli inahusiana vipi na ndoa, lakini MC hakushindwa kutafsiri. "Mheshimiwa anasema mshikamane hata maji yakiingia." Watu wakapiga makofi, na mama mmoja akafuta machozi. Niliwadharau wote mle ndani bila upendeleo.

Hata hivyo nilikuwa nayafuata maneno yake moja moja. Hotuba ya nahodha niliijua mpaka pale inapokatwa kwenye kanda, na sasa alikuwa amefika pale pale. "Na sasa, wanangu," akasema, "jambo moja tu nawaomba."

Mlango ukafunguka. Ofisa wa ubalozi akaingia na mkewe, simu sikioni.

Kamati ikaanza kukimbizana. Mzee wangu alikuwa ameuona ule mlango kabla yetu sote. Angeweza kumaliza, kwani ilibaki sentensi moja na kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake. Badala yake alinyamaza, akasogea pembeni kidogo, akanyoosha mkono taratibu kuelekea mlangoni, na ukumbi mzima ukageuza vichwa. Yule ofisa hajapokewa vile maishani mwake, nina hakika. Mzee akamrudishia MC kipaza sauti, akateremka, tukala pilau yetu karibu na mlango wa jikoni.

Nilimkasirikia. Ndani ya gari nikamuuliza kwa nini hakumaliza. Akasema mtu akiingia, ameingia.

Lakini tangu siku hiyo hakutaka tena kanda zake za zamani. Alitaka ya Landover. Alisema hajawahi kufika mbali kiasi kile, na anataka kujiona. Kila nilipofika asubuhi, kabla ya salamu, aliuliza kama kanda imekuja.

Ilipokuja niliitazama kwanza nyumbani kwangu. Hotuba haikuwemo. Wanaonekana watu wameketi, halafu papo hapo wanamgeukia ofisa. Nikampigia simu mpiga video, kijana wa Kikenya.

"Yule buda? Nilimu-edit out, auntie. Si ilikuwa mistake? Committee walisema hawataki kuchekwa."

"Na kanda yenyewe uliyopigia iko wapi?"

"Nilisha-record harusi ingine juu yake. Pole sana."

Nilimwambia maneno yasiyoandikika. Aliponiacha nimalize aliuliza kwa upole, "Kwani alikuwa nani?" Mimi ninayejua vifo vyake vyote nikakata simu.

Nikampelekea mzee kanda, na kabla ya kuiweka nikamwambia ukweli kwamba hotuba wameitoa yote. Akasema weka. Tukatazama meza, maua, bibi harusi mtarajiwa. Kisha kwenye ukingo wa picha ukatokea mkono wa suti ya kijivu, umenyooka, na ofisa akaingia na simu yake. Basi. Kufumba na kufumbua mkono ukapotea.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Akasema tena, nikarudisha tena. Nilikuwa nimesimama na glasi ya maji na dawa zake, nimejiandaa kumbembeleza, kumbe mwenzangu anatabasamu. Nilitamani kummwagia yale maji. Wamemtupa mzima mzima, naye anafurahia mkono.

Akajiinua kwa fimbo, akaisogelea televisheni, akawa anagusa nyuso kwenye kioo moja baada ya nyingine. "Tazama. Hakuna anayenitazama mimi. Wote wanatazama mlangoni. Hiyo ndiyo kazi."

Kidole kikashuka mpaka pembeni chini kabisa, penye mwanamke mwenye gauni la kitenge na mkoba wa dawa, ambaye uso wake haukugeukia mlangoni.

"Isipokuwa huyu," akasema. "Huyu kaharibu picha."