Maua ya Mama Apolonia na Ndoo za Wenyewe

Mama Apolonia wa Kimara hawezi kuona mbegu asiifukie. Ni ugonjwa. Ukila papai kwake, kabla hujafuta mdomo mbegu ziko ardhini. Aliletwa mjini na ndoa kutoka Masasi, mume akafariki, watoto wakaenda zao, akabaki na ua wake uliojaa madumu yaliyokatwa nusu, kila dumu na mmea wake. Mhalifu sugu, kama unavyomwona.

Yalianzia kwa Munira, jirani yake anayeoka mikate ya kuuza. Munira alinunua mbegu ndogo nyeusi za kunyunyizia juu ya mkate, zikambakia kidogo, akampa. Mama Apolonia akazifukia msimu wa baridi. Nyingi zikaoza. Chache zikatoa maua mekundu, mapana, laini, ambayo Kimara haijapata kuyaona. Mtaa mzima ukageuka wapenda maua. Watu ambao hawajawahi kumwagilia chochote maishani walikuja na shikamoo ndefu kuomba mche, naye akaotesha mbegu za maua yale, hakumnyima mtu. Wanajumuiya wakayaweka mezani siku ya sala. Mzee Mashaka, mjumbe wetu, akauweka wake kwenye ndoo mlangoni ili wageni wajue wamefika kwa kiongozi. Mimi nilinyimwa na mbuzi wangu, maana wanakula kila kitu. Nilinuna wiki nzima. Sasa nawapa majani ya ziada.

Ndipo ikaja semina ya dawa za kulevya pale ofisi ya mtaa. Tulijaa, kwa sababu kulikuwa na soda. Afisa aliyeitwa Jesca akabandika picha ukutani. Bangi, tukatikisa vichwa kwa uchungu, hasa wale wanaovuta. Mirungi, tukaguna. Picha ya tatu ilikuwa ua jekundu.

"Huu ni mpopi," akasema. "Utomvu wa kichwa chake ndio afyuni, na kwenye afyuni ndiko inakotoka heroini. Kuulima ni marufuku, kifungo chake ni cha miaka mingi. Na ukisema hukujua, hayo utamwambia hakimu."

Hata soda hazikunyweka tena. Mama Apolonia akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hilo ua ninalo. Mashina matatu. Nilikuwaga nalipeleka kwenye sala."

"Mbegu zilitoka kwangu mie," Munira akasema.

"Kaeni hapo hapo," Jesca akawaambia. "Nikimaliza tunaenda wote kuyaona."

Kuanzia hapo mtaa ulipatwa na dharura. Mmoja akakumbuka maharage jikoni, mwingine akashikwa na tumbo. Mzee Mashaka alitoka akisema anakwenda kuandaa mazingira ya ukaguzi. Aliyaandaa kweli.

Tulipofika, ua wa Mama Apolonia ulikuwa mwekundu kutoka mlangoni hadi chooni. Kila aliyepewa mche alikuwa ameurudisha, bila hata ya hodi.

"Mama," Jesca akasema taratibu, "uliniambia matatu. Hili ni shamba."

Mama Apolonia akakaa chini kwenye vumbi na gauni lake la kanisani. Niliumia, na niliona aibu kwa niaba ya wote waliokuwa wamerudi na kujipanga nje ya uzio, nyuso zimewajaa huzuni ya kiraia.

"Kama mjumbe nasikitika sana," Mzee Mashaka akatangaza. "Tumeishi na huyu mama miaka yote bila kujua tabia zake."

Sasa, kwetu chombo hakikai bila jina. Kila msiba na kila harusi tunaazimana ndoo, mabeseni na masufuria, na usipoandika jina lako ubavuni kwa rangi ya kucha, hukioni tena. Na watu waliokuwa wakishindana na afisa wa serikali hawakupata nafasi ya kuhamishia mmea kwenye chombo kingine. Jesca akainama kwenye ndoo iliyo karibu, akasoma kwa sauti:

"Mjumbe Mashaka. Usiibe."

Akainuka. "Mjumbe Mashaka ni nani?"

Mzee Mashaka akageuka nyuma kumtafuta.

Jesca akaendelea kusoma, beseni moja baada ya jingine, na kila aliyetajwa akajuta kupewa jina. Mwisho wakabeba vyombo vyao wenyewe hadi kituoni, mjumbe mbele. Kila mmoja alieleza alivyopewa mche wake na lini, na Munira akaeleza mikate. Ikaonekana wazi kwamba hapakuwa na biashara ya mjane mmoja, bali ujinga wa mtaa mzima. Mimea ikachukuliwa, nasi tukaonywa vikali. Jesca hakumficha Mama Apolonia: maua yale yangekutwa yote kwenye madumu yake, asingerudi nyumbani siku ile. Kwa hiyo majirani walimwokoa. Hawakukusudia, lakini tusiwanyime sifa zao.

Siku hizi anaotesha mchicha na mnanaa, na mbegu za mkate haziruhusiwi kuvuka mlango. Juzi Mzee Mashaka alipita, akakohoa kohoa uzioni, akaomba mche wa mnanaa. Mama Apolonia hajui kunyima.

"Chukua, mzee wangu," akamwambia. "Ila leta ndoo yako. Ile yenye jina."