Mfereji Nilioufukia

Sijalewa maishani mwangu, na homa sikuwa nayo siku ile. Nasema mapema kwa sababu najua mkifika katikati mtaanza kunitafutia sababu. Nimeuguza watu London miaka mingi, nimewafumba macho wengi tu, na sikuwahi kuona kitu. Hiki nilikiona, tena mchana, saa tisa na nusu.

Nilikuwa nimekodi kibustani nje kidogo ya Walthamstow, vile vishamba ambavyo manispaa huwagawia watu walime mboga. Sote tuliiita manispaa kanso. Ardhi ya pale ina matuta mapana, marefu, yanapanda na kushuka taratibu, yanapita chini ya uzio wa miti hadi kwenye malisho ya farasi. Mzee mmoja Mwingereza alinieleza kwamba si maumbile. Ni kazi ya wakulima wa kale, mamia ya miaka iliyopita, waliolima kwa ng'ombe, kila mtu na kipande chake chembamba, na mfereji kati yake na jirani. Makaburi yao hayajulikani yalipo, lakini mipaka yao ipo. Nilicheka, nikaona ni maneno ya mzee asiye na shughuli.

Mfereji mmojawapo ndio uliotutenga mimi na Mama Ciru. Huyu alikuwa rafiki yangu hasa, Mkenya wa Nyeri, muuguzi mwenzangu; tulianza wodi moja, wiki moja. Alipopasuliwa mgongo akawa haji tena bustanini, nami nikajitolea kumtunzia upande wake. Hapo ndipo tamaa iliponiingia. Kila nilipotifua ukingo nilimega upana wa jembe. Upana wa jembe, nani ataugundua? Baada ya miaka mitatu nilikuwa nimeufukia mfereji kwa urefu wa chumba kizima na kuuvuka hatua mbili, nimepanda maboga juu yake.

Siku moja akanipigia simu: Jumamosi atakuja, ana jambo la kuniambia. Nikadhani ameshajua habari za mfereji. Sasa sikilizeni nilichofanya. Mimi ni Mchagga. Kwetu mpaka huoneshwa kwa sale, mmea wa majani marefu ambao Wazungu huuweka sebuleni kama pambo. Palipo na sale hapana mjadala. Nikanunua mmoja sokoni, nikaupanda kwenye mpaka wangu wa uongo. Nilijua baridi itaumaliza, ila nilitaka Mama Ciru aukute pale. Mwambie Mchagga yeyote habari hiyo uone atakavyoshika kichwa.

Ilikuwa Novemba, Alhamisi, ukungu umeshuka. Nilikuwa nakusanya mabua makavu ya maboga nikamwona mtu anakuja kutoka malishoni, ndani ya mfereji, fimbo ndefu mkononi, akihesabu hatua kama anayepima. Nguo yake ilikuwa kama ya gunia. Nikamsalimia kwa Kiingereza, akaendelea kuhesabu. Akapita kwenye uzio wa miti bila kuinama, na tawi halikusogea.

Akafika nilipofukia. Hapo, niaminini, hakupanda. Aliendelea kutembea kulekule chini mfereji ulikokuwa, na udongo wangu ukamfika magotini. Miguu ilikuwa ndani ya ardhi, naye anatembea.

Alisimama penye sale, akautazama, kisha akanitazama mimi. Mngetegemea hasira, sivyo? Hakuwa nayo. Ulikuwa uso wa mkulima aliyechoka, na alinitazama kama mtu aliyemwona mwenzake wa kazi. Akaninyooshea ile fimbo. Nikaelewa, msiniulize kwa njia gani, kwamba huyu naye aliwahi kusogeza mpaka, na kwamba anatafuta wa kumpokea, kama muuguzi wa usiku anavyomkabidhi zamu yule wa asubuhi. Na mkono wangu ulikuwa umeshaanza kunyanyuka. Mazoea.

"Hapana," nikasema kwa Kichagga. "Nitaurudisha."

Nikachukua jembe nikachimba mbele yake, nalia kwa hofu, naye amesimama ananingoja. Nilichimba mpaka nikaiona miguu yake: peku, visigino vimepasuka. Ndipo akapita. Sikuona alikoishia.

Kesho yake nilichuma jani la sale nikapanda basi kwenda kwa Mama Ciru. Kwetu, mkosaji akikuletea jani hilo, humnyimi msamaha. Nilimweleza yote, ya jembe na ya yule mtu. Akaligeuzageuza jani.

"Na hili ni la nini, dada?"

"La kuomba msamaha. Kwetu halikataliwi."

"Kwetu pia mpaka hupandwa mmea," akasema. "Anayeuhamisha hulaaniwa. Jani la kumtoa hapo, hilo hatuna." Akaliweka jani mezani. "Na hiyo ploti, si nilikuwa nishawaandikia watu wa kanso wakupatie wewe? Mgongo umekataa kabisa. Hiyo ndiyo stori nilikuwa nikuletee Jumamosi. Ungeniuliza tu."

Alinipa chai, nikainywa, na hiyo ndiyo chai ya mwisho niliyokunywa kwake. Tukikutana tunasalimiana.

Barua ilikuja kweli, na ploti zote mbili ni zangu hadi leo. Nalima pande zote mbili, mfereji siugusi ila kuusafisha. Ukungu ukishuka mchana, mkono wangu wa kulia hunyanyuka wenyewe, kiganja wazi, popote nilipo, hata ndani ya basi. Naushusha kwa mkono wa kushoto. Abiria hudhani naomba.

Basi nawe, kama kuna mahali umesogea kidogo kwa sababu mwenyewe anaumwa, au yuko mbali, au amekufa, rudi leo ulikotoka. Usingoje kuulizwa. Yule mtu bado yuko zamuni, amechoka, na hajali atakayempokea ni wa kabila gani.