Shubiri Moja ya Upenu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nakiri, na nyingi nimezimalizia kwa mama yangu na paa lake.

Nyumba yake iko Ruiri, upande ule ambao mvua huja kwa kubembelezwa. Sisi wa Embu mjini tukisema paa, tunawaza kutolowa. Mama akisema paa, anasema maji: mvua iteremke kwenye bati, iingie kwenye gata, ule mfereji wa ukingoni mwa paa, gata lijaze tangi la mawe, na tangi limfikishe msimu mwingine. Miguu ya kwenda kuteka mbali alishaimaliza. Kwa hiyo mabati yalipoliwa na kutu, nilimwambia bila kuzunguka: tubadilishe kabla ya mvua, na tangi lisipojaa msimu huu, unahamia kwangu. Nyumba yangu ya kupanga Embu iko orofa ya tatu, na mara ya mwisho alipokuja alikaa siku mbili dirishani akiuliza saa.

Kwanza tulibishania aina. Mimi nilitaka yale mabati ya kisasa yenye sura ya vigae, mekundu, yaliyopakwa chembe za mawe. Mama aliuliza swali moja tu: "Hizo chembe zikibanduka, zinaenda wapi?" Zinaenda kwenye tangi. Tukachagua mabati ya kawaida, ya mawimbi, kama yale ya zamani.

Yale ya zamani yalikuwa na habari zake. Miaka michache baada ya uhuru, mama na wenzake walikuwa na kikundi. Walipanda juu milimani kupalilia kahawa za watu, wakaweka ujira pamoja, wakanunua mabati ya nyumba moja, kisha ya nyingine, mpaka nyasi zikaisha kwenye mapaa yao yote. Siku ya kuezeka kwetu waliyabeba mgongoni wakiimba. Yaling'aa hata kuku wakaogopa kuingia uani. Sheria yao ilikuwa moja: nyumba ikifunuliwa asubuhi, ifunikwe kabla ya giza.

Vipimo vya paa jipya nilivichukua mwenyewe. Nafundisha hesabu, nani mwingine angenipimia? Nilipima ndani ya nyumba: nusu ya upana, kimo cha kilele kutoka usawa wa ukuta, nikatafuta mteremko kwa kanuni ninayofundisha kila mwaka. Upenu niliukadiria futi moja, kwa sababu nje kuni za mama zilikuwa zimepangwa hadi juu na sikuona haja ya kuzihamisha. Dukani wakakata mabati kwa kipimo changu hasa, bila kuzidisha hata inchi.

Siku ya kazi, fundi wa pale Ruiri alifunua kwanza upande wa tangi, ndio wenye gata. Akaweka bati la kwanza kuanzia kileleni. Lilipoishia chini, halikufika kwenye gata. Lilipungua shubiri nzima. Maji yote yangemwagika kwenye kuni.

"Mwalimu," aliniita kutoka juu, "hii hesabu ulipata ngapi?"

Nilimjia juu. Nikamwambia ameanza vibaya, alishushe. Akalishusha kwa upole wa kunikera. Gata likapata bati, na kileleni pakabaki pengo ambalo kofia ya paa isingeziba. Akalirudisha, akakaa juu ya mbao akiningojea. Kukata mengine ni safari ya kurudi dukani Meru mjini, na siku mbili kama si tatu. Upande wa vilima vya Nyambene mawingu yalikuwa yameshakaa tayari.

Mama aliangalia bati, akaangalia mawingu, akaingia ndani. Nilimfuata. Nilimkuta anakunja blanketi lake, anatia kwenye mfuko.

"Unafanya nini, mama?"

"Natayarisha vya Embu. Ulisema tangi lisipojaa."

Hasira yote iliniisha palepale, nikabaki na aibu. Nilimwambia, "Mama, nimekosea. Niliogopa kuhamisha kuni, nikakisia upenu." Sidhani nilikuwa nimewahi kumwambia mama kwamba nimekosea tangu niingie chuo cha ualimu. Aliketi kitandani akacheka mpaka akajifuta macho.

"Wewe si wa kwanza. Nyumba ya kwanza ya kikundi tulipima kwa mkono wa yule mrefu wetu. Mwenye duka akapima kwa mkono wake yeye. Ikapungua hivyo hivyo."

"Mkafanyaje?"

"Tukatia ulimi. Yale mabati yangu mmeyatupa wapi?"

Yalikuwa nyuma ya jiko. Mama aliketi kwenye kigoda, na mimi nikawa namwinulia moja moja kuelekea jua. Palipopita mwanga alikataa. Pasipopita aliligonga kwa kidole, akasikiliza, akamwonyesha fundi pa kukata. Fundi alikata vipande vya shubiri mbili, akavipachika chini ya mabati mapya, mawimbi ndani ya mawimbi, ncha zikiingia kwenye gata. Hakunitania tena. Alimuuliza mama alijifunzia wapi, naye akasema kwenye kahawa za watu. Mimi nilihamisha kuni zote peke yangu, na hakuna aliyenituma.

Upande wa nyuma hauna gata, kwa hiyo kasoro yangu ilibaki huko bila madhara. Msumari wa mwisho ulipigwa jua likizama. Mvua haikungoja tumalize chai. Tulitoka mlangoni watatu tukaangalia ule ukingo, safu mpya ya kung'aa na chini yake ulimi wa kahawia. Maji yalifika kwenye mabati ya kikundi, yakapita, yakaingia kwenye gata. Kisha tukayasikia yakigonga sakafu ya tangi tupu. Fundi alisema, "Haya, Mungu asifiwe," akaomba chai nyingine.

Mama alirudi ndani. Alilitoa blanketi kwenye mfuko, akalitandika kitandani, akalilainisha kwa viganja vyote viwili.

"Leo lala hapa na mimi," aliniambia. "Embu utaenda kesho, wewe peke yako na mfuko wako."