Mahindi ya Mbegu Juu ya Tanuri

Sifa ni zako, Mungu Baba, uliyenipa pumzi hadi leo na magoti yanayoweza bado kupigwa mbele yako, ingawa kwa maumivu.

Soko la kahawa lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi waliingia Mbinga, na nyumba za wageni zikafuata. Mimi nilikuwa fundi. Kabla ya joto la Novemba nilikuwa ziwani, Kihagara na Lipingo, nikisafisha majokofu ya mafuta ya taa madukani. Mwezi Mei nilipanda milimani juu ya lori la mizigo, kukwangua masizi kwenye matanuri ya kuni yaliyochemshia wageni maji, kabla baridi haijafika. Kupanda na kushuka, mwaka hadi mwaka. Nilichoka, wala sikujua kwamba nimechoka.

Katika nyumba moja, tanuri lilitunzwa na mama mjane wa Kimatengo. Mei moja, nilipomaliza kazi, niliona kamba zimefungwa kwenye tundu la kutolea moshi, juu ya mlango wa chumba cha tanuri. Nilijua ni za nini. Mama yangu naye alitundika mahindi ya mbegu juu ya moto, moshi uyalinde na wadudu. Nilipaswa kuzikata. Lakini ngazi nilikuwa nimekwisha kuitoa nje, na mgongo ulikuwa unauma. Nikaziacha.

Julai niliitwa haraka. Mahindi mapya, pamoja na maganda yake, yalikuwa yameziba lile tundu, na moshi ukarudi koridoni hadi vyumbani. Mgeni mmoja, mwalimu, alibebwa hadi nje akitapika. Alipona, ashukuriwe Mungu.

Nilipofika, mwenye nyumba alikuwa amekwisha kumwambia yule mama afungashe. Alikuwa na watoto watatu, na kazi nyingine hakuwa nayo.

"Shikamoo, fundi," mama alinisalimu kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mama."

"Huyu amegeuza tanuri langu ghala la mahindi," mwenye nyumba aliniambia. "Bado kuku tu."

"Kuku nilikuwa nawaleta Jumamosi," mama alijibu, bila kucheka.

Nilivua kofia.

"Bosi, kamba hizo niliziona Mei, nikanyamaza. Mama hakuambiwa na mtu kazi ya lile tundu. Wa kumwambia nilikuwa mimi."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nimechoka."



"Basi, mzee, kapumzike. Mama, yatoe hayo mahindi, kisha uwashe moto."

Mwaka uliofuata aliita fundi kutoka Songea. Mama alibaki na kazi yake, mbegu akazihamishia jikoni kwake. Nyumba nyingine nazo zilisikia habari, zikaacha kuniita moja moja. Nilibaki ziwani na majokofu yangu. Kwa miezi mingi sikuliona pumziko hilo kuwa zawadi. Leo namshukuru Mungu kwa hilo pia.

Nawe unayesoma, Bwana akulinde ulalapo, abariki mikono yako, na siku utakapoelemewa akupe ujasiri wa kuketi kabla hujamdhuru mwenzako. Amina.